Kikao Kisihamie Getini: Namna ya Kutetea Hoja Yako na Kuuliza ya Wenzako

Januari 2025 nilishinda mjadala ambao mpaka leo unanidai.

Ilikuwa kwenye kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Tabata, Dar es Salaam, Jumapili jioni, chini ya mwembe wa nyumbani kwa mama mwenyekiti. Mimi ndiye katibu. Siku hiyo nilikuja na hesabu zangu zimenyooka: tununue viti 200 vya plastiki na maturubai mawili, tuvikodishe. Kiti shilingi 500, shughuli nne kwa mwezi, hiyo ni laki nne ya viti tu kabla hujagusa turubai. Kijana mmoja akataka kujua vitatunzwa wapi, nikamjibu kabla hajamaliza. Mzee mmoja akasema yeye anaona tusubiri kidogo, nikamwambia kwa heshima zote kwamba fursa haisubiri mtu. Watu wakacheka. "Tuko pamoja?" nikauliza. "Tuko pamojaaa!" Wiki iliyofuata zikatoka milioni tano na ushee.

Mwaka ule Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 mwezi huohuo. Ni nadra Mwislamu kuozesha kwenye mfungo, na Wakristo wengi hawafungi ndoa kwenye Kwaresima. Masika nayo yakaja na madimbwi yake. Viti vikakaa koridoni kwangu, watoto wakawa wanapita ubavuubavu kwenda chooni.

Hasara haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba chini ya ule mwembe alikuwepo dada mmoja ambaye mama yake amekodisha viti na maturubai miaka nenda rudi huko Vingunguti. Yote haya aliyajua. Alijua pia kwamba kujifariji na misiba hakusaidii: msiba hauna msimu, kweli, lakini hauna bei vilevile, maana jirani aliyefiwa huwezi kumdai kwa nguvu, na mara nyingi viti vinatoka msikitini au kwenye jumuiya bure. Aliyasema yote, tena kwa ufasaha. Ila aliyasemea getini, wakati watu wanaagana, kwa watu watatu, mimi nikiwa bado ndani najaza daftari.

Sanduku letu lina kufuli tatu na watunza funguo watatu, ili mtu mmoja asilifungue peke yake. Uamuzi wa kuzitoa hizo pesa ulifunguliwa na mdomo mmoja. Yanayofuata hapa nimeyaokota baada ya hapo, machache kwenye vitabu, mengi kwenye vikao.

Kwanza, jambo lenyewe ni nini

Wamarekani wawili, Chris Argyris na Donald Schön, kuanzia miaka ya 1970 walichunguza jinsi watu wenye elimu na vyeo wanavyozungumza kazini. Walikuta kitu ambacho yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anakijua: tunachosema tunafanya, na tunachofanya kweli, ni vitu viwili. Muulize mwenyekiti yeyote, atakuambia anapenda sana kusikiliza. Kaa kwenye kikao chake na saa mkononi.

Wakasema mzungumzaji anahitaji kazi mbili kwa pamoja. Moja ni kutetea: unasema msimamo wako waziwazi na sababu zilizokufikisha hapo. Nyingine ni kuuliza: unatafuta kwa dhati mwenzako anaona nini ambacho wewe hukioni. Mwaka 1990 Mmarekani mwingine, Peter Senge, aliyapeleka mawazo hayo kwa mameneja, na tangu hapo yamekuwa chakula cha semina.

Kiswahili chenyewe kimeziweka kazi hizo mbili kwenye shina moja. Unatoa *hoja*, unamsikiliza mwenzako na *kuhoji*. Bahati mbaya kuhoji siku hizi kumehamia kituo cha polisi, ukisikia fulani amehojiwa unaanza kutafuta mdhamini. Kwa hiyo humu nitasema "kuuliza" tu.

Na usije ukadhani ni suala la nusu kwa nusu, dakika tano za kusema na tano za kuuliza. Anayetetea tu anashinda kama nilivyoshinda mimi. Anayeuliza tu naye ana hatari yake. Tunaye kwenye kila kikao, yule wa "mimi nauliza tu jamani", ambaye hata siku moja hujui anasimama wapi, na jambo likiharibika anakukumbusha kwamba aliuliza. Huyo namwogopa kuliko mbishi.

Hatua ya 1: Andika ulichokimeza

Zoezi hili ni la akina Argyris, na ndilo ningekushauri uanze nalo hata kama mengine yote utayaacha. Chukua ukurasa wa daftari, ukunje katikati. Upande wa kulia andika maneno yaliyosemwa kwenye kikao fulani kilichokwenda vibaya, yako na ya wenzako, kadiri unavyokumbuka. Upande wa kushoto, sambamba na kila neno, andika ulichokuwa unakiwaza na hukukisema. Fanya peke yako, usimwonyeshe mtu.

Wangu ulikuwa hivi.

Kulia: Kijana: "Samahani katibu, hivi viti tuta..." Mimi: "Sehemu ipo, hilo lisitusumbue."
Kushoto: *Sehemu haipo. Huyu akiendelea watu wataanza kusitasita.*

Kulia: Mzee: "Mimi naona tusubiri kidogo." Mimi: "Kwa heshima zote mzee wangu, fursa haisubiri."
Kushoto: *Huyu naye kila kitu anakiogopa. Mwaka juzi alikataa hata biashara ya mkaa.*

Kulia: Mimi: "Tuko pamoja?"
Kushoto: *Semeni ndiyo, giza linaingia.*

Ukimaliza, soma upande wa kushoto taratibu. Utakuta mambo ya aina tatu. Kuna ukweli ulioficha, kama wangu wa kukosa sehemu; huo ulitakiwa uwe ndani ya hoja yako. Kuna dhana juu ya watu, kama ile ya mzee mwoga. Hiyo ilitakiwa iwe swali. Na kuna matusi; hayo yaache hapohapo, hayana kazi.

Ile ya mzee ndiyo iliyonikosesha usingizi. Miezi mitatu baadaye nilimpitia nyumbani nikamuuliza, siku ile ulipotaka tusubiri, ulikuwa unataka tusubiri mpaka lini? Akanijibu bila kufikiri: "Mpaka Idi." Neno moja tu, "lini", lingetosha. Sikulisema kwa sababu nilikuwa nimeshajijibu kichwani kwamba mzee anaogopa.

Hatua ya 2: Toa hoja na miguu yake

Hoja nyingi za vikaoni zinaletwa kama kichwa cha samaki, mwili umebaki jikoni. "Tununue viti." "Tubadilishe ukumbi." "Huyu asikopeshwe." Msikilizaji anaona kichwa tu, kwa hiyo ana mawili: akubali au akatae. Hana pa kushika.

Hoja yenye miguu inaonyesha ulichokiona kwa macho yako, ulivyotoka hapo ukafika kwenye pendekezo, na sehemu usiyo na uhakika nayo. Leo ningesema hivi:

"Jamani, nina pendekezo, na nitalieleza nilivyolifikia ili mniambie pale nilipoteleza. Novemba na Desemba nimehesabu harusi sita mtaani kwetu, na nne kati ya hizo walikodi viti kutoka mbali. Nikaona kumbe soko lipo. Nikapiga hesabu ya shughuli nne kwa mwezi. Ila nakiri nimehesabu miezi miwili tu, tena ya mwisho wa mwaka ambayo harusi ni nyingi. Sijui Machi hali ikoje. Na sehemu ya kuvitunza bado sina."

Angalia kilichotokea: hoja bado ina nguvu, sijajinyenyekeza, ila nimeacha matundu mawili wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuingia nayo. Yule dada wa Vingunguti angeingilia la Machi. Yule kijana angeingilia la sehemu.

Najua utakachosema. Kwenye vikao vya Dar ukishatamka "sina uhakika", wapo watakaolirukia kama mpira uliotemwa na kipa. Ni kweli, wapo. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuusema wasiwasi wako mapema na kwa sauti ileile uliyotumia kusema hesabu, kabla mtu hajauvumbua. Wasiwasi uliovumbuliwa na mwenzako ni kosa. Ulioutaja mwenyewe ni taarifa.

Jambo dogo linalofanana na hilo: acha kujificha nyuma ya watu. "Kuna watu wananiambia", "huko nje wanasema", "wengine hawafurahii". Kama ni wewe hufurahii, sema ni wewe. Msemaji asiye na jina hawezi kuulizwa swali, na kikao kizima kinabaki kupapasana kikitafuta nani kasema.

Hatua ya 3: Uliza, halafu nyamaza

"Tuko pamoja?" si swali. Ni salamu. Jibu lake linajulikana kama la "hujambo". Vivyo hivyo "Tumeelewana?" na "Kuna mwenye swali?", hasa likiulizwa saa 12 jioni watu wakiwaza foleni ya Buguruni.

Swali linalofungua mlango lina mpini wa kushika. Mifano niliyoitumia ikazaa:

"Nani hapa ameshawahi kufanya biashara hii, au ndugu yake?"

"Tukifeli, mnadhani tutakuwa tumefelishwa na nini?"

"Ni kitu gani nimekisema ambacho wewe umeona mambo yakiwa tofauti?"

Baada ya hapo ndipo kazi ngumu inapoanza: kunyamaza. Hesabu mpaka kumi moyoni. Kumi ya kikao ni ndefu, utasikia bajaji ikipita, mtoto akilia nyumba ya pili, na ulimi wako utawashwa kutaka kujaza ukimya kwa kurudia hoja. Usiirudie. Anayejua jambo zito mara nyingi anakuwa bado anapima kama ni salama kulisema, na wewe ukijaza ukimya unakuwa umemjibu.

Kama kikundi chenu ni kizito kabisa, waambie wageukiane wawili wawili kwa dakika tatu, kisha kila jozi itoe jambo moja. Mtu anayeogopa kusema "mimi naona" mbele ya watu 25 hashindwi kusema "sisi tumeona". Tumeijaribu mara nyingi sasa, na huwa nashangaa ni sauti za nani zinatoka.

Hatua ya 4: Pima swali lako kabla halijatoka

Kipimo ni kimoja. Jiulize: je, lipo jibu ambalo nikipewa nitabadilisha msimamo? Kama halipo, hilo si swali, ni hoja iliyovaa kanga ya swali. Ivue, uiseme kama hoja.

Kiswahili kinatupa visu vingi vya namna hiyo, na tunavichomoa bila kujua. "Hivi kweli mnaona hii ni sawa?" "Kwani nani aliwatuma?" "Si ndiyo yaleyale ya mwaka jana?" Hata "Taarifa, mwenyekiti!", tuliyojifunza kwa kuangalia Bunge, kwenye vikao vyetu ni njia tu ya kumkata mtu kauli akiwa bado amesimama.

"Kwa nini" nalo lina matatizo yake. Kwenye karatasi ni neno zuri la kutafuta sababu. Mdomoni, hasa kuelekea kwa mkubwa wako, linanuka kesi. "Kwa nini umechelewesha marejesho?" mtu anajibu kama yuko mbele ya hakimu: anajitetea au anadanganya. "Marejesho ya mwezi huu yamekwamia wapi?" anakusimulia. Kwa hiyo badala ya kwa nini jaribu *imekuwaje*, *ulikuwa unaangalia nini*, *nisaidie nione unavyoona*. "Naomba nieleweshwe" ni zuri sana pia, ila limetumika vibaya mpaka limechacha: likisemwa kwa kuinua nyusi, kila mtu anajua vita imetangazwa. Ukilitumia, tumia na uso wa kutaka kueleweshwa.

Nikupe kisa kimoja kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo watu wananielewa. Kamati ya harusi, Sinza, kwenye bustani ya baa, soda na nyama choma mezani. Shangazi wa bwana harusi anataka ukumbi wa watu 500. Kaka wa bwana harusi, ndiye mwenyekiti wa kamati, anataka 250 kwa sababu michango iliyoingia haifiki. Wameshazungushana nusu saa, namba kwa namba, na shangazi ameshaanza kukusanya mkoba.

Mjumbe mmoja akasema, kwa sauti ya chini: "Shangazi, tuseme tumeshindwa kabisa kufika 500. Ni akina nani hao ambao tukiwaacha, wewe ndiye utakayepata taabu?"

Shangazi akatulia. "Mwanangu, mimi nimechangia harusi za wenzangu wa kwaya miaka yote. Kila mmoja nimempa. Sasa zamu yangu wanipe mchango halafu nisiwape kadi? Jumapili nitapita mlango gani?"

Kumbe wala hakuwa anabishania ukumbi. Alikuwa anabishania deni. Na deni lina suluhisho jingine: waliochangia wote wapate kadi, ila za dabo zipunguzwe, wengi wapewe singo. Kaka alipoleta orodha wakaanza kuweka alama mmoja mmoja, na shangazi mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kukata dabo za watu. Soda zikaagizwa nyingine.

Lile swali lilikuwa na kitu kimoja cha pekee: muulizaji hakujua jibu.

Hatua ya 5: Mambo yakipanda joto, shukeni ngazi

Argyris alitumia mfano wa ngazi. Chini kabisa kuna yaliyotokea, ambayo hata kamera ingeyaona. Mtu anachagua machache kati ya hayo, anayapa maana, anajenga dhana, anafika juu na hukumu. Na anapanda haraka kiasi kwamba akifika juu anadhani alizaliwa hukohuko. Ugomvi wa vikaoni ni watu wawili waliokaa juu ya ngazi mbili tofauti wakirushiana maneno.

Mwanachama mmoja kwetu alisimama akasema ule mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ni wa wenye kujuana, tusijisumbue tena. Wengine wakapiga makofi, wengine wakaguna. Mama mwenyekiti, ambaye hajawahi kusikia jina la Argyris na hana haja nalo, akaanza kumshusha ngazi pole pole.

"Umeona nini mpaka ukafika hapo, baba?"

"Tulipeleka maombi, hatujajibiwa."

"Tulipeleka lini?"

"Mwezi wa nane."

"Aliyepeleka ni nani, na alimkabidhi nani?"

Kimya. Ikaja kubainika kwamba barua haikuwahi kufika hata kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ilikuwa bado iko kwenye pochi ya mtu, imekunjwa mara nne pamoja na risiti za umeme. Na hata ingefika: fungu lile limegawanywa, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu. Kikoba chetu kina wababa wa miaka 50. Hatukuwa kwenye fungu lolote.

Ona kwamba mama hakumwambia "unasema uongo" wala "una ushahidi gani?" Alimwomba ashuke hatua moja, kisha nyingine. Ukitaka kumshusha mtu, anza kushuka wewe: sema na wewe uliona nini na ukakipa maana gani. Katibu mwenzangu, hapa daftari lako la kumbukumbu lina thamani kuliko ufasaha wa mtu yeyote. Lifungue.

Hatua ya 6: Umri na vyeo

Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba wazee wa Kiafrika walikaa chini ya mti mkubwa wakazungumza mpaka wakakubaliana. Ni picha nzuri. Ila walioko kwenye picha ni wazee. Chini ya mwembe wetu kuna bibi wa miaka 67 na dereva bodaboda wa miaka 24, kila mmoja na hisa zake, na adabu ya nyumbani inamwambia huyu wa pili kwamba kumuuliza bibi mbele za watu ni kumvunjia heshima.

Mimi sioni kwamba adabu hiyo itupwe. Nimeona vijana waliotoka semina wakaja na "bibi, sababu zako ni zipi?" na kikao kikafia hapo. Yapo ya kufanya ndani ya adabu hiyohiyo.

Mdogo na aombe kufundishwa, kwa kumaanisha. "Bibi, wewe umeona vikundi vingi vikifa. Kwenye hili letu, unaona dalili gani?" Hilo ni swali kali kuliko "kwa nini hutaki?", na bibi atalijibu akiwa ameketi vizuri zaidi. Akishajibu, kijana anaweza kusema lake: "Nimekusikia bibi. Mimi kwa upande wangu nimeona hiki, sijui wewe unakionaje."

Mkubwa, mwenyekiti au bosi, aseme mwisho. Hili halina njia ya mkato. Ukishasema msimamo wako mwanzoni, maswali yako yote baadaye yanasikika kama mtihani, na watu watatafuta jibu la mwalimu.

Na kama jambo ni zito, mwendee mtu nyumbani kabla ya kikao, asubuhi, kabla hajatoka. Ni desturi yetu na ni nzuri. Lakini nenda kuuliza, usiende kutafuta kura. Siku ukianza kupita nyumba kwa nyumba ukiwapanga watu, kikao kitakuwa maigizo, na kila mtu atajua isipokuwa yule mmoja aliyerukwa.

Kwenye WhatsApp

Usijadili jambo la kugawana pesa kwenye WhatsApp. Swali la kawaida likiandikwa bila sauti linasomeka kama tusi, ukimya haujulikani ni ridhaa au ni bando limeisha, na wa saa tano usiku anajibu ujumbe wa saa mbili asubuhi bila kusoma katikati. Toa taarifa humo, kusanya ajenda humo, mjadala uwe wa ana kwa ana. Ikibidi sana, piga simu.

Pasipofaa

Kama mweka hazina haonekani na daftari halipo, usianze kuuliza "unaonaje hali hii". Hilo ni la katiba ya kikundi, na likishindikana huko lina ofisi zake. Hali kadhalika kama jambo limeshaamuliwa. Ukiwa umeshalipia ukumbi, usiitishe kikao cha "kupokea maoni". Waambie: nimelipia, sababu ni hizi, lililobaki ni chakula, hilo ndilo naomba mawazo. Watakasirika kidogo. Wakigundua baadaye kwamba uliwauliza huku risiti iko mfukoni, hawatakujibu kitu cha maana mwaka mzima.

Kikao cha Mei

Idi ikapita, Pasaka ikapita, viti vikatoka mara mbili, maturubai mara moja. Kikao cha Mei nikasimama, nikasoma hesabu ilivyo, nikataja kwamba mwanzo nilihesabu miezi miwili tu na kwamba sehemu ya kuvitunza nilisema ipo wakati haikuwepo. Kisha nikauliza: "Nani hapa anajua shughuli inayohitaji viti ambayo si harusi wala msiba?"

Nikahesabu. Nilipofika nane, yule kijana niliyemkata kauli Januari akainua mkono nusu.

"Mahafali," akasema. "Darasa la saba Septemba, fomu foo wanafuatia, chekechea mwezi wa 11. Mimi nabeba watoto wa shule tatu huku mtaani, hakuna hata moja yenye viti vya wazazi."

Dada wa Vingunguti akadakia kwamba shule ukitaka wakuite tena wape bei ya jumla na uwapelekee mwenyewe, wasihangaike na usafiri. Watu wakaanza kusogeza viti karibu. Mimi niliona ulimi unaniwasha kusema kwamba hata mimi hilo la mahafali nilishaliwaza. Sikuwa nimeliwaza. Nikainama, nikaandika jina la kijana na wazo lake kwenye daftari, na lile langu nikaliandika nyumbani usiku, upande wa kushoto.